Mbao za Ubavu wa Kulia

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mataruma yamesimama. Kumi na saba, kutoka mbele hadi nyuma, yote yameshika kwenye mkuku ulio kama uti wa mgongo. Ukitazama kutoka mlangoni utadhani ni samaki aliyekwisha kuliwa. Mama Nyasani ameleta chai karakana, akasimama, akauliza kama hiyo ndiyo meli. Nikamwambia bado, hizo ni mbavu tu, ngozi inakuja. Akasema hata mbavu ni kitu.

Ni yeye aliyeitaka. Kijana wetu Nyasani amekwama kwenye meli ya mizigo huko Ghuba, miezi saba sasa. Mwenye meli amenyamaza, bandari haiwaruhusu kushuka, wametia nanga tu wanasubiri karatasi. Mama Nyasani alisema kila Sabato anasimama kanisani kumwombea mtoto aliye ndani ya kitu asichokijua. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasema picha ni bapa. Anataka kitu chenye ubavu huu na ubavu ule, ajue mtoto analala wapi.

Nimefundisha useremala chuoni miaka ishirini na minane. Milango, madirisha, vitanda, majeneza. Kitu chenye tumbo sijawahi.

Jumatano, 16 Julai

Soko la Daraja Mbili asubuhi. Vibanio vya nguo, dazeni nne. Mwenye kuuza akaniuliza nina watoto wangapi wa kufuliwa. Sikumweleza.

Nikapitia Kiogoro kwa fundi mmoja niliyemfundisha zamani, akanipa mabaki ya saiprasi. Mbao laini, nyuzi zimenyooka, haina vifundo vingi. Nimepasua vipande sitini. Upana milimita sita, unene mbili. Vinane vimevunjika mkononi. Goti limevimba kwa kusimama.

Ijumaa, 18 Julai

Ubao wa kwanza. Niliukunja mkavu — ukakatika pale meli inapoanza kubana kuelekea puani. Wa pili pia. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikachukua sufuria kubwa ya Mama Nyasani, nikachemsha maji, nikalaza vipande humo nusu saa. Vikatoka vinapinda kama ukambaa. Gundi, vibanio, basi. Umekaa.

Mama Nyasani ameiona sufuria yake. Amesema niioshe mara mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Sabato. Sikugusa.

Jumapili, 20 Julai

Aibu. Ijumaa jioni niliendelea peke yangu na furaha yangu, nikaweka mbao nne upande wa kulia, moja juu ya nyingine. Leo nimefumba jicho moja nikatazama mkuku kwa urefu wake. Umevutwa kama upinde. Mbao ikikauka inavuta, na upande wa pili hakukuwa na kitu cha kuvuta kurudisha. Ni moja kulia, moja kushoto, kila mara. Wanafunzi niliwafokea kwa makosa madogo kuliko hili.

Nimezibandua zote kwa kitambaa cha maji moto. Siku nzima. Mkuku umerudi.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimempigia Nyasani mimi mwenyewe.

Naandika kwa sababu haijatokea tangu aondoke, mwaka wa tatu huu. Yeye humpigia mama yake, kisha mama yake ananisogezea simu sikioni: msalimie kijana wako. Habari, nzuri, haya. Siku aliyoondoka nilimwambia anaacha benchi lenye paa aende kupiga deki nyumba ya watu inayoelea. Nilimwambia asirudi kuniomba nafasi. Nilisema mbele ya dada yake. Hata bwana asiye na mtoto hasemi vile.

Nimempigia kwa sababu ya pua. Picha zote alizotuma zimepigwa akiwa juu ya meli. Sijui pua inashukaje majini, kama imenyooka au imelala. Nikamwomba apige kwa nje.

Akacheka. "Tata, mimi niko ndani. Tangu nipande sijaiona kwa nje hata siku moja."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mtu yuko ndani ya kitu mwaka mzima na hajui sura yake.

Amesema kuna mashua inayowaletea maji na chakula kila wiki mbili. Atamwomba dereva amzungushe. Nikamuuliza hali. Akasema wako sawa, wanakula, watu saba wamebaki, wanacheza karata. Dakika kumi na moja. Mama Nyasani alikuwa mlangoni wakati wote akijifanya anachambua mboga.

Alhamisi, 24 Julai

Kumi kulia, kumi kushoto. Kazi yote iko mbele. Katikati meli ni pana, mbele ni nyembamba, na mbao zote zinataka kupita pale pale. Usipozipunguza upana zinapandana kama watu mlangoni. Kwa hiyo kila ubao naunyoa kwa randa ndogo kutoka taruma la tano hadi puani, kidogo kidogo, mpaka unabaki milimita tatu. Ubao unakubali kupinda kwa unene. Kwa upana haukubali, hata uuchemshe siku mbili.

Mvua ya mawe saa nane. Majani ya chai ya upande wa chini yametoboka.

Jumatano, 30 Julai

Picha zimekuja! Sita. Tatu za kushoto, tatu za kulia. Binti yetu Linet, ambaye ni karani kwa wakili mmoja mjini Kisii, amezichapisha kubwa na kuzileta baada ya kazi.

Ni meli nzee. Juu nyeusi, chini nyekundu, kutu imetiririka kutoka kila tundu. Pua imelala kidogo, nilikuwa nimekosea. Katikati, kila ubavu una namba nyeupe zimepangwa kama ngazi, kuonyesha imezama kiasi gani.

Mama Nyasani amekaa nazo mezani muda mrefu. Akauliza analala wapi. Nyasani alishaniambia: dirisha la mviringo la tatu kutoka nyuma, ubavu wa kulia. Nikatia alama ya penseli juu ya mbao. Akaweka kidole pale. Akasema, "Ni karibu na maji." Nikamwambia meli zote ni hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Imefungika. Ubao wa mwisho nimeuchonga mara tano ndio ukaingia. Urefu ni mita moja kasoro kidogo, sentimita moja yangu ni mita moja ya meli yenyewe. Nimepitisha kiganja kutoka nyuma hadi mbele nikiwa nimefumba macho. Mabonde mawili kushoto, kilima kimoja kulia. Msasa utamaliza.

Mama Nyasani ameibeba nje kwenye mwanga kama anayembeba mtoto mchanga, mkono mmoja chini. Jirani yetu Jemimah alikuwa akipita na majani mgongoni. Akaambiwa, hii ndiyo aliyomo kijana. Jemimah akauliza kama itaelea.

Alhamisi, 7 Agosti

Kitu hakikai sawa.

Nilitaka kuchora mstari wa maji, mahali bahari inapofika ubavuni. Nikasoma namba kwenye picha ya kushoto, nikapima, nikatia alama katikati ya meli, nikaipeleka mbele kwa cherehani — yaani kale kakipimo ketu ka kuchorea mistari, wanafunzi ndio walikapa jina hilo. Nikafanya vile vile kulia. Mistari ilipaswa kukutana puani. Haikukutana. Wa kulia uko juu ya wa kushoto kwa milimita tisa.

Nikajua ni zile mbao nne za Julai. Umbo limepinda, na mimi nimelifunga likiwa limepinda.

Nikaiweka juu ya kioo. Pimamaji. Bevu ya kupimia pembe. Uzi kutoka puani hadi nyuma. Nimepima kila taruma pande zote mbili. Hakuna tofauti inayozidi nusu milimita. Meli yangu imenyooka.

Basi nikarudi kwenye picha. Kushoto rangi nyekundu inaonekana pana, mkanda mzima. Kulia ni uzi tu. Nimezitazama picha hizi siku nane. Zilikuwa mezani tukila.

Milimita tisa kwangu ni karibu mita nzima kwake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimengoja Mama Nyasani aende kuchuma chai. Nikapiga.

Nikamuuliza kama picha za kushoto na kulia zilipigwa siku moja. Akasema saa ile ile, Tata, mashua ilizunguka tu. Nikamwambia meli imelala kulia. Akasema hayo ni maji ya kusawazisha, huwa wanayahamisha, ni kawaida. Alisema haraka sana. Alipokuwa mdogo na amevunja kitu alikuwa anasema haraka hivyo hivyo.

Nikamwambia atafute uzi wa mita moja, afunge nati, auning'inize juu ya mlango wa chumba chake karibu na mwimo. Alaze futi ya utepe chini, kuanzia kwenye mwimo. Apige picha.

Nikasikia mashine fulani inanguruma nyuma yake, inakohoa.

"Tata, usimwambie mama."

Picha imekuja baada ya robo saa. Uzi uko sentimita sita na nusu kutoka mwimoni, badala ya kuugusa.

Kisha akanipigia yeye. Maji yanaingia. Bamba la ubavu wa kulia, nyuma, ndani ya ghala tupu, limeliwa na kutu. Mahali pawili. Pampu zilikuwa tatu, inafanya kazi moja. Nahodha ameshawaambia watu wa bandari kwa redio mara nne, anajibiwa asubiri mkaguzi. Tangu lini, nikauliza. Tangu mwezi wa sita. Mwezi wa sita alikuwa akimwambia mama yake wamevua samaki wakubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Wakati wa shuhuda Mama Nyasani alisimama. Akamshukuru Mungu kwamba kijana yuko salama, na kwamba mume wake, ambaye watu wanajua hakuwa anaongea na kijana, sasa anaongea naye kila siku. Watu wakasema amina. Wengine waligeuka kunitazama, wakitabasamu.

Niliimba wimbo wa kufunga. Beti zote.

Jumapili, 10 Agosti

Uzi: sita na nusu.

Nimekwenda Kisii kwa Linet, nimesema naenda kutafuta rangi. Nimemwambia yeye peke yake. Hakulia. Alichukua kalamu akaniuliza tarehe, jina la meli, bendera, idadi ya watu. Kumbe ndivyo anavyofanya kazi kila siku, na mimi nilidhani anachapa barua tu. Akauliza kwa nini mama hajui. Nikasema Nyasani ameomba. Akasema Nyasani ameomba mara moja, wewe umeamua kila siku.

Nikanunua rangi kweli. Nyekundu na nyeusi.

Jumanne, 12 Agosti

Uzi: saba.

Linet amempata mama mmoja Mombasa, ofisi inayoshughulikia mabaharia. Anaitwa Purity. Amenipigia mwenyewe. Nikamweleza: picha mbili, namba, milimita tisa, uzi wa kila asubuhi. Akauliza, "Mzee, wewe ni nahodha?" Nikasema mimi ni seremala. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaniomba nimtumie vipimo vyote na tarehe zake. Amesema malalamiko anayopata mengi ni maneno matupu, hiki ni kitu anaweza kuweka mbele ya mtu. Ataandikia bandari ile, na watu wa bendera ya meli, yaani nchi ilikosajiliwa. Hakuahidi siku.

Nimepiga msasa mchana kutwa. Nikisimama Mama Nyasani ataniuliza kwa nini nimesimama.

Alhamisi, 14 Agosti

Uzi: saba na nusu. Pampu ilizimwa kwa muda wa saa nne wakati wa kubadilisha mkanda. Nusu sentimita kwa saa nne.

Nimemwambia Nyasani anionyeshe penyewe panapovuja. Amepiga video, tochi mdomoni. Maji yanafika magotini. Tundu moja kama kiganja, jingine ni ufa mrefu kama kalamu. Maji yanaingia kama bomba la shule asubuhi, bila kelele kubwa. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi. Ile video imenitisha kwa utulivu wake.

Nikamuuliza kuna mbao gani humo. Akasema paleti za misonobari, tele. Nikamwambia basi tuna kazi.

Nimemwelekeza kama nilivyomwelekeza akiwa darasa la sita. Chonga kabari za mbao laini, siyo ngumu — laini hulowa ikavimba ikaziba. Zizungushie kitambaa. Zipige moja moja, nyembamba kwanza, usilazimishe, bamba lililooza utalipasua. Ukishajaza, weka ubao mpana juu ya godoro lililokunjwa, ubane kwa mhimili kutoka upande wa pili wa ghala. Mhimili ukatwe mrefu kidogo kuliko nafasi, uingie kwa kugongwa chini.

Akauliza, mrefu kiasi gani? Nikasema upana wa kucha. Akasema, "Nakumbuka. Mlango wa jikoni kwetu." Alikuwa na miaka kumi na mbili tulipoutia mlango ule.

Ijumaa, 15 Agosti

Uzi: saba na nusu. Haukusogea.

Wamefanya kazi kutwa jana, yeye na mpishi na fundi wa mashine. Ufa umeziba. Tundu bado linatoa machozi pembeni. Kabari ya kwanza ilirushwa na maji ikampiga mpishi kifuani. Nyasani amewaambia wote kwamba baba yake anajenga meli hii hii nyumbani, kwa saiprasi. Mpishi ameuliza kama nimeweka jiko. Nikamwambia sijafika juu bado.

Nilitaka kumwambia Nyasani kuhusu yale maneno ya siku aliyoondoka. Nilianza. Akasema, "Tata, tuongee ya tundu kwanza." Tukaongea ya tundu.

Jumamosi, 16 Agosti

Uzi: saba na nusu. Sijui kama kusoma namba ni kazi. Nimesoma.

Mama Nyasani amesema kanisani nimekuwa kimya. Nikasema ni goti.

Jumapili, 17 Agosti

Uzi: saba. Mara ya kwanza umerudi! Pampu sasa inashinda maji. Lakini dizeli ya jenereta inatosha siku tano, na mashua ya chakula haikuja Jumatano kama ilivyotarajiwa. Purity ameandika kwamba bandari imejibu barua, mkaguzi atapanda "wiki hii". Wiki hii ni neno refu.

Nimepaka nyekundu upande wa kushoto wote. Nilipogeuza wa kulia nikaona ile mistari ya penseli, ule niliouhamisha kutoka kushoto ili kulinganisha, na ule wa maji halisi. Msasa ulikuwa mkononi. Kufuta ni dakika moja. Nikashindwa. Nimeigeuza meli, ubavu wa kulia ukatazama ukuta.

Jumatatu, 18 Agosti

Ameiona.

Mvua ilimrudisha Mama Nyasani mapema kutoka kwenye majani. Nilikuwa chooni. Nimerudi nikamkuta karakana, kikapu bado mgongoni kinadondosha maji, meli mikononi. Alitaka kuona lile dirisha. Akauliza kwa nini upande huu una mistari miwili na ule umepakwa rangi.

Nikasema ni penseli tu, bado napima.

"Abner."

Hajaniita kwa jina langu tangu tuzae. Ni Baba Nyasani miaka thelathini na moja. Nikavuta kiti. Nikamwambia. Kutu, maji, pampu moja, mwezi wa sita, uzi, Linet, Purity. Nilimwonyesha kwenye mbao tundu liko wapi. Ni vidole vitatu kutoka dirishani kwake. Hakunikatiza. Kikapu hakukitua.

Nilipomaliza akauliza nimejua siku ngapi. Nikahesabu. Kumi na moja.

Akasema, "Siku kumi na moja mimi nashukuru kanisani kwa kitu ambacho hakiko, na wewe umekaa kando yangu."

Nikasema Nyasani aliniomba. Akasema Nyasani ni mtoto, anaruhusiwa kuogopa mama yake. Mimi nilikuwa naogopa nani?

Ni kweli mwanzoni nilikuwa nalinda roho yake. Lakini kuna kingine, na sikumwambia, nakiandika hapa: kwa siku kumi na moja kijana alikuwa ananihitaji mimi. Kila asubuhi mimi. Sikutaka kugawana.

Akatua kikapu. Akafuta mikono kwenye leso, akachukua meli tena, akailaza kidogo kulia, mpaka ule mstari wa juu ukawa sambamba na benchi. Akauliza kama ni hivi. Nikasema ni hivyo. Akaishika vile muda mrefu, akitazama ndani ya lile tumbo tupu. Akauliza kitanda chake kinaelekea wapi, kichwa kikiwa juu au chini. Sijui. Siku zote hizi sikuwahi kuuliza. Akasema leo atauliza yeye.

Picha ya uzi huja saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa nne. Nikapiga, simu yake haipatikani. Nikamwambia labda chaji, jenereta huwa wanaizima. Akasema nisimwambie labda tena. Tukakaa. Akaanza kuchambua gundi iliyokauka kwenye vibanio, kimoja kimoja, akivipanga. Nami nikachukua vingine.

Saa tano kasoro simu imelia mara moja. Picha. Nilinyoosha mkono, yeye akawahi. Akauliza asome wapi. Nikamwambia pale uzi unapokata futi ya utepe, namba iliyo karibu na nati. Nikasema nipe nikusomee.

Akasema hapana. Ameingia nyumbani na simu yangu kutafuta miwani. Namsikia anafungua droo.